Wimbo Wenye Mguu wa Ziada

Katika bendi yetu ya watu wanne mimi ndiye niliyekuwa mwanamke pekee, na nilikuwa mkali kuliko wale wanaume watatu ukiwajumlisha. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanihurumia mahali ambapo sistahili. Nilipiga kinanda. Kukipiga nilijifunza kanisani kwetu Tetu, kwenye kinanda cha kukanyaga ambacho panya walikuwa wamekigeuza nyumba, na mpaka leo nikiona panya nakumbuka nyimbo za Krismasi.

Mpiga gita alikuwa fundi wa redio huko Skuta. Redio iliyoingia kwake ikiwa mbovu ilitoka ikiimba, ila wakati mwingine ilitoka imepungua kidogo, maana kilichopungua kilikuwa kimehamia kwenye amplifaya yetu. Mpiga besi alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa, mtu mpole ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, hata mvua ilipomkuta njiani. Mpiga ngoma aliuza nyama Karatina. Yeye aliamini kwamba chochote kinacholia kikigongwa ni ngoma, kwa hiyo pamoja na ngoma zake alibeba sufuria mbili na jembe lililokwisha makali.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, wakati wa suruali za miguu mipana na nywele za kuchana kwenda juu. Vijana wengi mjini Nyeri walitaka muziki wa kucheza Jumapili mchana. Sisi tulitaka kitu ambacho hakijawahi kusikika chini ya Mlima Kenya, na kusema kweli tulikipata. Wimbo wetu mkubwa tuliuita Ukungu. Ulianza na mpiga gita kuliinamisha gita mbele ya spika hadi lianze kulia lenyewe, kama mbuzi aliyesahaulika nje kwenye mvua. Kisha jembe na sufuria vilifuata. Besi nayo iliingia ikitembea kwa mapigo matano badala ya manne, hivi kwamba aliyejaribu kucheza alijikuta mguu mmoja umebaki hewani hauna pa kwenda. Katikati kelele zote zilinyamaza, nami nikapiga kipande kidogo cha kinanda, changu mwenyewe, nilichokitunga nikichuma chai. Baada ya hapo kelele zilirudi, na zikirudi hazikuwa na haraka ya kuondoka.

Watu wa ukumbi wa Ruring'u walitusikiliza wamekunja mikono. Nafikiri wengi walikuwa wakisubiri tumalize kupanga vyombo ndipo tuanze kupiga, ilhali tulikuwa tumeshaanza kitambo.

Mimi hayo hayakuniudhi. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa na kichwa kigumu, na hivyo viwili vikikutana mtu hahitaji makofi ya watu. Nilitaka makofi ya mtu mmoja tu. Nilitaka mama yangu anisikilize mpaka mwisho.

Mama alikuwa mwimbaji, ingawa ungemwita hivyo angekucheka. Alifuga ng'ombe wa maziwa na kuchuma chai kama wanawake wote wa kilima chetu. Lakini palipokuwa na ruracio, siku ile watu wa upande wa mvulana wanapoleta mahari, mama ndiye aliyeitwa kusimama langoni. Kwetu wageni hawa hawaingii hivi hivi. Wanakuta lango limefungwa na wanawake wa boma wamesimama nyuma yake wakiwauliza maswali kwa wimbo: nyinyi ni nani, mnataka nini, mmebeba nini. Wageni nao wanapaswa kujibu kwa wimbo, na wakijibu vibaya wanabaki barabarani. Mama aliwahi kuwaweka wageni langoni mpaka wazee wao wakaomba viti. Alikuwa na sauti iliyovuka bonde bila kupanda juu, na maneno hayakumwishia. Mtu kama huyo, ukiwa bintiye na ukajiita mwanamuziki, ni lazima umwogope.

Alikuja kutusikiliza Jumapili moja baada ya kanisa. Alivaa kitambaa chake cha kichwa cha kutokea, akabeba kiondo, kikapu chake cha kusukwa, akakaa kiti cha mbele kabisa, mikono juu ya magoti. Kwanza tulipiga nyimbo mbili tatu ndogo za kupasha vyombo moto, kisha tukaanza Ukungu. Gita likalia. Mama hakushtuka. Jembe likagongwa, naye akainamisha kichwa kidogo. Nikapiga kipande changu cha kinanda kwa mapenzi ambayo sijawahi kukipiga nayo tena. Kisha kelele ziliporudi, nilimwona akisimama. Alikaza kitambaa kichwani, akachukua kiondo chake, akatoka bila kugeuka nyuma.

Vidole vyangu vilienda popote vilipotaka. Kwa jinsi muziki wetu ulivyokuwa, hakuna aliyegundua.

Jioni nilifika nyumbani nikakuta uji. Mama hakusema lolote juu ya muziki, na mimi sikuuliza. Kuna maswali ambayo mtu hayaulizi kwa sababu jibu lake ameshajipa mwenyewe. Niliumia sana. Nililia kwenye mto wangu kimyakimya nisimwamshe dada yangu, na asubuhi nikaamka nimeamua kwamba bendi itabadilika, itake isitake.

Tulikutana kwenye chumba cha redio, Skuta, tukakaa juu ya masanduku.

"Tubadilishe," nikasema. "Tupige kitu mtu anaweza kucheza. Kitu fupi."

"Fupi namna gani?" mpiga gita akauliza.

"Dakika tatu."

"Dakika tatu gita haijapata hata moto!"

Mpiga ngoma akaniunga mkono, jambo ambalo sikulitegemea. "Mimi naona ako na maneno," akasema. "Ati tangu tuanze hii kazi, mtu amewahi kucheza ni yule mlevi wa Nanyuki peke yake, na huyo alikuwa anatafuta mlango."

Mpiga besi alisema yeye atapiga chochote, mradi tusipige haraka.

Mpiga gita akarudi kwenye redio aliyokuwa akiifungua. Nilijua amekasirika. Nilimjua vizuri kwa sababu, nadhani sijasema, alikuwa mchumba wangu. Tulipendana kwa kugombana, na mapenzi ya namna hiyo hayazimiki upesi, ila yanachosha majirani.

Basi tukabadilika. Tuliacha jembe na sufuria nyumbani. Tuliweka mapigo manne kama watu wote. Tulichukua nyimbo zilizokuwa zikipendwa redioni tukazipiga vile zilivyo, kwenye baa ya Karatina ambako nyama choma ilikuwa tamu na watu walikuwa na miguu myepesi. Walicheza! Walicheza mpaka wakavua makoti. Mwenye baa alitupa supu bila kuombwa. Mpiga ngoma alifurahi kama mtoto aliyepewa baiskeli. Mimi pia nilifurahi, lakini kila nilipogeuka kushoto nilimwona mchumba wangu anapiga gita amegeukia ukuta. Alipiga sawasawa, hakukosea popote, na hakutazama mtu.

Siku moja tukirudi aliniambia, "Mimi nikishakuoa, tafuteni mtu mwingine wa gita. Nitabaki na redio zangu. Hizo zikilia, zinalia ukweli."

Nilimjibu vibaya, kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Lakini nilipolala nilijua kwamba ana haki. Tulikuwa tumepata watu wengi na tukajipoteza sisi, na yule mmoja niliyemtaka hakuwa amekuja Karatina wala hangekuja, maana mama hakuingia baa.

Siku ya ruracio yangu mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na barabara za Tetu zikinyeshewa hugeuka sabuni. Watu wa upande wa mchumba wangu walikuja na lori lililojaa wazee, wanawake, mbuzi na vyakula. Mbele ya lori ilitangulia pikapu ya yule muuza nyama, ndani yake mchumba wangu, mpiga besi na vyombo vya bendi. Walikuwa na mpango wao. Kwetu stima haikuwa imefika, lakini fundi wa redio alikuwa amezitengeneza amplifaya zetu zitumie betri ya gari. Alitaka kumpigia mama yangu mara moja tena, kwa heshima, hizo nyimbo fupi anazozipenda kila mtu. Hilo alilifanya kwa ajili yangu.

Pikapu ilipita kwenye kijito. Lori likakwama. Na betri zote zilikuwa kwenye lori, na ile ya pikapu peke yake haikutosha.

Mimi nilikuwa ndani ya nyumba na binamu zangu, tumefunikwa mashuka kutoka kichwani hadi miguuni, kama desturi inavyotaka, ili baadaye bwana aje atafute yupi ni wake. Nilijisogeza dirishani. Kupitia pindo la shuka nikaona lango, na mama na shangazi zangu wamejipanga nyuma yake, na upande wa pili wanaume watatu wenye matope mpaka magotini, wamezungukwa na spika. Hapakuwa na mwanamke hata mmoja wa upande wao wa kuwaimbia.

Wavulana wa mjini! Mpiga ngoma alibisha hodi kama mtu aliyekuja kununua mayai, na alipoona hakuna anayemkaribisha, akanyoosha mkono akainua mti wa lango mwenyewe.

Wanawake walipiga kelele nikadhani nyoka ameingia. Kufungua lango kabla ya kuimbiwa na kujibu! Shangazi yangu mkubwa akamrukia kwa wimbo palepale. Yeye na mama waliimba kwa Kikuyu, nami nayaandika kwa Kiswahili:

"Anayesukuma lango kwa kichwa ni ng'ombe dume. Hebu geuka tuone kama una mkia."

Alitozwa faini ya kreti ya soda, akaurudisha mti mahali pake akiomba msamaha kwa kila mtu, hata kwa mbwa. Ndipo mama akaanza wimbo wa kuuliza. Nyinyi mliotoka mbali, mnatafuta nini kwetu? Wanawake wakaitikia. Kisha wakanyamaza kungoja jibu.

Jibu halikuja. Mpiga besi alitazama viatu vyake. Mchumba wangu aligeuka kutazama barabara kama lori linakuja, na halikuwa linakuja.

"Masanduku yote hayo," shangazi akaimba, "na hakuna hata moja linalojua kusema?"

Wanawake walicheka. Nilitamani ardhi inimeze na shuka langu. Nilijua mama atafanya nini. Atakaza kitambaa kichwani, atageuka, ataondoka, na safari hii atanichukulia mume pia.

Hapo mpiga besi, yule mpole, alianza kupiga makofi. Hakupiga mapigo manne ya Karatina. Alipiga matano, yale ya zamani, labda kwa sababu ndiyo yaliyokuwa ndani yake akishtukizwa. Mpiga ngoma akadaka kwa kugonga ubavu wa pikapu. Kisha mchumba wangu, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuimba mbele ya watu, alifungua mdomo, akaimba kile kipande changu cha kinanda. Alikiwekea maneno palepale, kwa Kikuyu chenye hofu:

"Tumetoka mjini, tumekanyaga matope. Kuna mtoto wa mbuzi alipotelea boma hili. Tumesikia sauti yake usiku, hatulali."

Alikuwa na sauti mbaya. Sisemi hivyo kwa ubaya, ni mume wangu. Ilikwaruza na kupasuka mahali pa juu. Nami nililia ndani ya shuka mpaka binamu yangu akanifinya ninyamaze.

Shangazi akamtazama mama, maana ule haukuwa wimbo wa langoni wanaoujua. Na mama, bila kusita, akainua sauti yake iliyovuka bonde, akajibu kwa wimbo uleule. Si kwa wimbo unaofanana nao. Uleule, wangu, na kila pigo la tano mahali pake:

"Mbuzi wetu hakupotea, amelala ndani ameshiba. Wewe uliyezoea kulisha redio, huyu utamlisha nini?"

Nikaacha kulia kwa mshangao. Shangazi zangu waliudaka wimbo, na walipofika kwenye lile pigo la ziada walikata kiuno kidogo, kama mtu anayeruka mfereji akiwa na mzigo, kisha wakaendelea. Ikawa inachezeka! Kilichotushinda Ruring'u mwaka mzima, wao walikiweka sawa palepale wakiwa wamevaa viatu vya mvua. Wakaulizana na kujibizana, huku na huku, na mchumba wangu akazidi kupata maneno, hata akamchekesha mama. Lori lilipofika hatimaye, wanawake wa upande wao waliteremka wakakuta langoni kuna wimbo wasioujua, ikabidi wajifunze kabla ya kuingia.

Sherehe ilienda vizuri. Nilitafutwa kati ya mashuka nikapatikana, ingawa bwana alimfunua kwanza binamu yangu mnene, na hilo hatujamwacha alisahau mpaka leo. Wazee waliingia kwenye mazungumzo yao na baba. Njahi, yale maharage meusi ya sherehe, zikaliwa. Mchana ukaenda, maongezi yakanoga.

Kisha nikamwona mama akisimama katikati ya wageni. Alikaza kitambaa kichwani, akachukua ndoo, akatoka bila kugeuka nyuma.

Nilikuwa nimeliona tendo hilo mara moja tu likaniumiza miezi mingi, na hapo nililiona tena. Nikainua gauni langu jipya nikamfuata hadi kwenye zizi. Alikuwa amekwisha kuchuchumaa kando ya ng'ombe mweusi.

"Mama, ule wimbo uliujulia wapi?"

"Si wenu? Niliusikia Ruring'u."

"Lakini ulitoka. Hukuupenda."

Aligeuza shingo akanitazama. Mimi ni binti wa pili, nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo maisha yangu yote ameniita maitu, yaani mama yangu, hata akinigombeza. "Maitu," akasema, "ilikuwa inakaribia saa kumi. Nani angenikamulia?"

Nilizaliwa kwenye boma hilo. Nimekamua tangu mikono yangu haijaweza kuzunguka titi la ng'ombe. Najua kwamba saa kumi haingoji mgeni, wala mazishi, wala mvua ya mawe. Nikapanga kumpigia mama yangu, mwenye ng'ombe, wimbo usioisha, Jumapili alasiri, na alipoondoka nikadhani ni muziki uliomfukuza.

"Nilitaka kusikia unavyoishia," akaendelea, akikamua. "Sikupata. Basi huwa najimalizia mwenyewe hapa. Una mguu wa ziada, lakini huyu hajali." Akampiga ng'ombe kofi dogo la mapaja. "Akiusikia anateremsha maziwa vizuri."

Nilicheka mpaka ng'ombe akapiga teke ndoo ikayumba, nikafukuzwa zizini. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi, ila kwamba gauni liliingia kwenye samadi na sikulijali.

Mume wangu nilipomweleza, alikaa chini kwenye nyasi. "Yaani," akasema, "tuliua Ukungu juu ya ng'ombe?"

Hata hivyo hatukurudi tulikotoka. Langoni tulikuwa tumeonyeshwa kitu. Kuanzia hapo tulitunga nyimbo fupi zenye maneno, upande mmoja ukiuliza na mwingine ukijibu, na ukumbi mzima ukiwa ndio upande wa pili. Mapigo matano tuliyaacha yalivyo, kwa kuwa sasa tulijua watu wanaweza kuyacheza wakipewa kitu cha kuimba. Na waliyacheza, Karatina na Nyeri. Nanyuki mfanyabiashara mmoja wa mifugo mwenye kofia nyeupe alituambia kwamba kwao pia mtu hujibiwa kwa wimbo, akatuomba turudie. Mume wangu aliacha kutazama ukuta. Jembe lilirudi, kwa adabu.

Mama alikuja tena Ruring'u kabla mwaka haujaisha. Kitambaa kilekile, kiondo kilekile, kiti kilekile. Tuliuhifadhi Ukungu mpaka mwisho, ule mpya, wa dakika tatu, tuliouchonga na kuupunguza kwa ajili yake yeye hasa kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Kile kipande changu ndicho kilichokuwa wimbo wote. Watu waliuliza na kujibu, wakaruka mfereji wao kwenye pigo la tano, na tulipomaliza ukumbi ukapasuka kwa makofi.

Mama hakupiga makofi. Alisimama, akakaza kitambaa kichwani.

Nilidhani anaondoka, hata baada ya yote. Lakini hakwenda mlangoni. Alikuja mpaka jukwaani, akasimama upande wangu, bila kumtazama mume wangu usoni, maana mkwe hatazamwi hivyo.

"Umeisha?" akaniuliza.

"Umeisha, mama."

"Na ile sehemu gita linalia?"

"Tuliitoa. Ilikuwa ndefu."

"Nani aliwaambia muitoe?" Alisema hivyo kwa sauti ya langoni, ukumbi ukasikia. "Mimi leo nimemwachia jirani ng'ombe, nimemwambia sirudi mpaka jioni."

Akarudi kwenye kiti chake, akaweka kiondo sakafuni, mikono juu ya magoti. Nilimgeukia mume wangu. Hakungoja niseme, alikuwa ameshaliinamisha gita mbele ya spika. Likaanza kulia. Baadhi ya watu walitoka, wengine wakakunja mikono, na mama yangu akakaa mpaka mwisho.